Kazi Tanzania, wewe uko Mombasa: njia ya kibali kuanzia mkataba hadi siku ya kwanza kazini

Kutoka kivuko cha Likoni hadi Lunga Lunga ni kama kilomita mia moja. Ukivuka mpaka uko Horohoro, mkoa wa Tanga, na watu wanazungumza kama wewe, wanapika kama wewe, pengine hata shangazi yako kaolewa huko. Ukaribu huo ndio unaowaponza wengi. Mtu anaitwa kazi hotelini Tanga, au shuleni Dar es Salaam, au Unguja, anafunga begi, anagongewa muhuri mpakani, na Jumatatu yuko kazini. Akija kukamatwa na Uhamiaji anashangaa: "Si sote ni Afrika Mashariki?"

Ni kweli sote ni Afrika Mashariki. Lakini kwa habari ya kazi, undugu huo una mipaka yake, na ni bora uijue kabla hujaaga nyumbani.

Jumuiya imekupa nini hasa

Itifaki ya Soko la Pamoja ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitiwa sahihi Novemba 2009 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Kwa mujibu wake, Mkenya anaingia Tanzania bila viza na anaweza kupewa pasi ya mgeni ya hadi miezi sita. Kwa pasi hiyo unaweza kutembea, kuhudhuria usaili, kutafuta nyumba, kukaa kwa jamaa. Kulipwa mshahara huwezi.

Kuhusu kazi, Itifaki inasema mtu aliyepata ajira ya zaidi ya siku 90 katika nchi nyingine mwanachama aombe kibali ndani ya siku 15 za kazi tangu mkataba ukamilike, na mamlaka imjibu ndani ya siku 30. Ajira isiyofika siku 90 inahitaji pasi maalumu. Kisha kuna jambo ambalo wengi hawalisomi: kila nchi iliambatanisha orodha ya kada, yaani aina za kazi, inazozifungulia raia wa nchi jirani. Tanzania nayo iliweka orodha yake. Kwa hiyo kuwa raia wa Jumuiya hakumaanishi kila kazi iko wazi kwako. Kibali bado kinaombwa, na mwenye kukiomba bado anaweza kukataliwa.

Vibali ni viwili, ofisi ni mbili

Mtaani watu husema "viza ya kazi". Mkenya haihitaji. Anachohitaji ni vibali viwili, na kimoja hakisimami badala ya kingine.

Cha kwanza ni kibali cha kazi. Kwa Tanzania Bara hutolewa na Kamishna wa Kazi, chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, kwa sheria ya mwaka 2015 ya kuratibu ajira za wasio raia. Kina madaraja. A ni la wawekezaji. B ni la taaluma zilizotajwa, wakiwemo wataalamu wa afya, wa mafuta na gesi, na walimu wa sayansi na hisabati. C ni la taaluma nyinginezo zote, na D ni la mashirika ya dini na ya hisani yaliyosajiliwa. Mpishi mkuu, mhasibu au meneja wa ghala anaangukia C.

Cha pili ni kibali cha ukaazi, na hiki hutoka Idara ya Uhamiaji. Aliyeajiriwa anaomba daraja B. Hapa watu huchanganya: B ya Kamishna wa Kazi na B ya Uhamiaji ni vitu viwili tofauti. Unaweza kuwa C kwenye kibali cha kazi na B kwenye ukaazi, na hakuna kosa lolote hapo. Mwajiri akikwambia "wewe ni B", muulize B ya wapi.

Utaratibu ni kuanza na kibali cha kazi, kisha ukaazi. Ukiwa na kimoja tu bado hujaruhusiwa kuanza.

Kama kazi iko Unguja au Pemba

Watu wa Mombasa huenda sana Zanzibar kwa kazi za hoteli, kwa hiyo nitue hapa kidogo. Katika Muungano, uhamiaji ni jambo la Muungano lakini kazi na ajira si jambo la Muungano. Maana yake, kibali cha ukaazi unashughulika na Uhamiaji ile ile, ila kibali cha kazi kinatolewa na mamlaka ya kazi ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, kwa sheria yake yenyewe, Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005.

Kibali cha kazi cha Bara hakikuruhusu kufanya kazi Nungwi, wala cha Zanzibar hakikuruhusu kufanya kazi Dar es Salaam. Kampuni zenye hoteli pande zote mbili hupenda kuhamisha wafanyakazi msimu ukibadilika. Ukiambiwa "wiki hii shuka Dar utusaidie", kabla hujapanda boti uliza kibali chako kinasemaje. Mwajiri atajitetea kwa karatasi za kampuni. Wewe utakuwa na pasipoti yako tu.

Jambo jingine ni bahari. Kutoka Shimoni hadi Pemba si mbali na mashua zipo. Safiri na chombo kinachopitia bandari yenye ofisi ya Uhamiaji, upigwe muhuri wa kutoka na wa kuingia. Ukifika bila muhuri, huna namna ya kueleza uliingiaje, na ombi la ukaazi linakwama hata kama mwajiri ni mwaminifu.

Hatua ya kwanza: mpime mwajiri

Huwezi kujiombea kibali cha ajira ukiwa huna mwajiri. Ombi hutegemea yeye. Ni yeye anayeandika barua, ni yeye anayeonyesha usajili wa kampuni, namba ya mlipakodi na leseni ya biashara, na ni yeye anayepaswa kumridhisha Kamishna kuwa alimtafuta Mtanzania kwa nafasi hiyo akamkosa. Sheria pia inamtaka awe na mpango wa kurithisha nafasi, yaani namna Mtanzania atakavyofunzwa hadi aishike kazi yako. Huo mpango usikuudhi, ni sehemu ya ombi. Mwajiri anayeuandika vizuri anakusaidia.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza mshahara, uliza haya: Mmewahi kuajiri asiye raia? Nafasi hii mliitangaza? Nani atafuatilia maombi, nyinyi wenyewe au wakili? Nani analipa ada? Majibu ya maswali hayo yatakuonyesha kama kampuni inajua inachofanya.

Jibu moja lichukue kama kengele: "Wewe njoo kwanza, mambo ya kibali tutayashughulikia ukishafika." Kwangu mimi hapo mazungumzo yameisha. Mwajiri anayekuanzisha bila kibali amekuweka mahali ambapo huwezi kumdai. Akikukata mshahara utakwenda kushtaki wapi, na wewe mwenyewe uko kinyume cha sheria?

Mkataba usomwe kwa makini. Hakikisha una kifungu kinachosema kazi itaanza baada ya vibali vyote viwili kutolewa, ili usihesabiwe mtoro kwa kukaa Mombasa ukingoja. Hakikisha umeandika wazi ada za vibali zinalipwa na nani, mara ya kwanza na wakati wa kuhuisha. Cheo kilichoandikwa kwenye mkataba kiwe ndicho kitakachoandikwa kwenye ombi: ukiitwa "mpishi" huku na "msimamizi wa jiko" kule, afisa ana haki ya kuuliza. Na mshahara utajwe kwa fedha inayoeleweka. Shilingi moja ya Kenya imekuwa ikichezea karibu na 20 za Tanzania, hivyo milioni moja ya huko ni kama elfu hamsini za huku. Mtu akikutajia milioni, toa simu upige hesabu kabla hujatabasamu.

Hatua ya pili: makaratasi ya upande huu

Anza na pasipoti. Ombi lake hujazwa eCitizen, kisha unakwenda ofisi ya Uhamiaji, jengo la Uhuru na Kazi, Mama Ngina Drive, kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Kama unayo tayari, tazama tarehe ya kuisha. Miezi sita inatosha kwa safari, lakini kibali cha kazi hutolewa kwa miezi 24, na hutaki pasipoti ife katikati ya kibali. Ikiwa imebakiza mwaka mmoja, ibadilishe sasa.

Cheti cha tabia njema kutoka Idara ya Upelelezi huombwa vilevile eCitizen, kwa shilingi 1,050, na alama za vidole unaweza kutia Huduma Centre iliyo Posta kuu, Digo Road. Si kila ombi linakidai, ila waajiri wengi wanakitaka. Kiombe mapema.

Vyeti vya shule na chuo, barua za uzoefu kutoka kazi za nyuma, wasifu wako na picha za pasipoti zenye mandhari safi, hivyo ni vya kawaida. Barua ya uzoefu iwe na tarehe ya kuanza na ya kuacha, cheo, na simu au barua pepe ya ofisi. Ile ya mistari miwili isemayo "alikuwa mfanyakazi mzuri" haisaidii.

Kinachochelewesha watu wa Pwani kuliko vyote ni jina. Kitambulisho kinasema Mohamed Salim. Cheti cha KCSE kinasema Mohammed Salim Bakari, kwa sababu mwalimu aliandika alivyosikia. Cha chuo kinasema Muhammad S. Bakari. Pasipoti imefuata cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo ina jina la babu ambalo kwingine halimo. Kwetu huyo ni mtu mmoja na mtaa mzima unamjua. Kwa afisa aliyekaa Dodoma mbele ya kompyuta, hao ni watu wanne. Vivyo hivyo Fatma na Fatuma, Hamisi na Khamis, na akina dada walioongeza jina la mume kwenye karatasi moja wakaliacha kwenye nyingine.

Zipange karatasi zako zote mezani, usome jina moja baada ya jingine, herufi kwa herufi. Tofauti ikiwa ndogo, hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo inayosema majina haya yote ni ya mtu mmoja mara nyingi inatosha, na unaiambatanisha na ombi. Tofauti ikiwa kubwa, muone wakili akufanyie hati rasmi ya kubadili jina, kisha urekebishe kitambulisho na pasipoti kabla ya kuomba chochote. Usikubali ushauri wa "wataelewa tu".

Mwisho, chanjo ya homa ya manjano. Kenya iko kwenye orodha ya nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, na Tanzania huidai kadi ya njano kwa wanaotoka huku. Kadi huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa, na tangu 2016 inadumu maisha. Usiende kuchanjwa leo ukasafiri kesho.

Hatua ya tatu: vyeti vya Kenya vitambuliwe Tanzania

Shahada hutambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU. Cheti cha sekondari hupelekwa Baraza la Mitihani, NECTA, kupata ulinganifu, kwa sababu mfumo wao wa kidato cha nne na cha sita haufanani na wetu. Stashahada na vyeti vya ufundi ni vya baraza la elimu ya ufundi, NACTVET. Muulize mwajiri ni lipi kati ya haya linahitajika kwa nafasi yako, maana si kila nafasi inadai yote.

Taaluma zenye bodi zina mlango wa ziada. Mhandisi hasajiliwi na Kamishna wa Kazi. Anahitaji bodi ya wahandisi ya Tanzania. Mhasibu ana bodi yake, NBAA. Hapa Jumuiya imesaidia kweli: nchi zetu zilitia sahihi makubaliano ya kutambuana kwa wahasibu na wasanifu majengo mwaka 2011, wahandisi 2012, na madaktari wa mifugo 2016. Ukiwa na usajili hai wa bodi ya Kenya, omba barua ya kuthibitisha usajili wako kabla hujaondoka.

Hatua ya nne: ombi na malipo

Maombi yote mawili hufanyika mtandaoni, na tovuti halali za serikali ya Tanzania huishia na .go.tz. Mwajiri ndiye hujaza. Kazi yako ni kumtumia skani zinazosomeka. Picha ya cheti iliyopigwa kwa simu kitandani, ikiwa na kivuli cha kidole, huwa inarudishwa. Nenda saibakafe yoyote uskani kila karatasi kama faili lake, ulipe jina: pasipoti, cheti cha chuo, kiapo cha jina.

Mfumo ukikubali ombi hutoa namba ya kumbukumbu ya malipo, na pesa huingia serikalini kupitia namba hiyo. Hakuna ada ya kibali inayolipwa kwa namba ya simu ya mtu. Ada za raia wa Jumuiya hupangwa tofauti na za wageni wengine, na hubadilika, kwa hiyo kiasi cha kuamini ni kile kilicho kwenye ankara ya mfumo. Mwombe mwajiri akutumie nakala ya ankara na ya stakabadhi, hata kama analipa yeye. Kwa hizo utajua ombi lipo kweli.

Wakati wa kungoja, kaa kazini kwako Mombasa. Barua ya kuacha kazi iandike vibali vikiwa vimetoka. Ombi likirudishwa kwa kukosa karatasi, lijibu mara moja. Likikataliwa, sheria inatoa nafasi ya rufaa kwa Waziri, na hapo mwajiri mwenye nia atatafuta wakili. Ukikwama upande wa Kenya, kumbuka Tanzania ina ubalozi mdogo hapa hapa Mombasa. Hawatoi kibali cha kazi, lakini watakwambia kama karatasi uliyotumiwa inafanana na ya serikali yao.

Siku ya kuvuka

Lunga Lunga na Horohoro ni kituo cha pamoja: ukienda Tanzania unamalizana na maafisa wa nchi zote mbili upande wa Horohoro. Beba vibali vilivyochapishwa, mkataba, kadi ya njano na anwani ya mahali utakapokaa.

Afisa atauliza, "Unakwenda kufanya nini?" Kama vibali vimetoka, sema unakwenda kazini na umpe karatasi. Kuna wanaoshauriwa waseme "natembea" ili wapite haraka. Ukisema hivyo unagongewa muhuri wa mgeni, na siku ukikaguliwa kazini muhuri na kibali vinapingana. Kama vibali bado, na unakwenda kwa usaili tu, sema usaili. Njia za panya za Vanga na vijiji vya jirani ziache kwa wenyeji.

Ukishafika

Sajiliwa TRA, mamlaka ya mapato, upate namba ya mlipakodi, na NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ambako mchango wote ni asilimia 20 ya mshahara, mwajiri akitoa angalau nusu. Chukua namba yako ya uanachama uitunze. Asiye raia mwenye kibali cha ukaazi anaweza pia kuomba kitambulisho cha mgeni mkaazi kutoka NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, na kinarahisisha mengi kuanzia laini ya simu hadi benki. Mke, mume au watoto wakikufuata, wanaombewa pasi ya utegemezi. Pasi hiyo haiwaruhusu kufanya kazi.

Na ile hamu ya kufungua kijiduka pembeni iache. Julai 2025 serikali ya Tanzania ilitoa amri inayowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo uwakala wa pesa za simu, ufundi wa simu, saluni isiyokuwa ya hoteli au ya utalii, na kuongoza watalii. Faini haipungui shilingi milioni 10 za Tanzania, na mtu anaweza kupoteza kibali chake. Kijana wa Mombasa aliyezoea kutembeza wageni Fort Jesus asidhani atafanya vivyo hivyo Mji Mkongwe.

Ukipata Uganda au Rwanda badala yake

Huko mambo ni mepesi. Kenya, Uganda na Rwanda ziliondoleana ada za vibali vya kazi, na unaweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa. Kibali bado kinaombwa, kwa hiyo makaratasi ya hatua ya pili ni yale yale.

Madalali

Ukipitia wakala, tafuta jina lake kwenye orodha ya mawakala waliosajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira ya Kenya. Asiyekuwemo, hata akiwa na ofisi yenye kiyoyozi, mwache. Anayekuahidi "kibali kwa wiki moja" hana anachouza, maana uamuzi ni wa Kamishna. Na kibali kikitoka usimwachie mtu hati ya asili. Mwajiri abaki na nakala.

Kuhuisha, na kuondoka

Anza kuhuisha miezi mitatu kabla kibali hakijaisha. Kumbuka kibali kimefungwa kwa mwajiri aliyekiombea na kwa cheo kilichoandikwa. Hoteli ya jirani ikikuita kwa mshahara mnono, wao wanakuombea upya, na hadi hapo wewe ni wa hoteli ya kwanza. Ukiacha kazi, hakikisha mwajiri ameijulisha ofisi ya kazi na Uhamiaji kwa maandishi, na uombe barua ya kuachana yenye tarehe. Mwajiri wa pili ataiulizia kabla hajagusa ombi lako.